Namna ya Kuisikiliza Road to the Sun, Albamu ya Klasiki ya Mpiga Gitaa wa Jazi

Msikilizaji aliyemzoea Pat Metheny katika jazi huifungua albamu yake ya Road to the Sun, iliyotoka Machi 2021, akitarajia kulisikia gitaa lake tangu sekunde ya kwanza, lakini anachokutana nacho ni mikono ya watu wengine. Albamu ina vipande 11. Vinne vya kwanza ni kazi moja iitwayo Four Paths of Light, inayopigwa na mpiga gitaa la klasiki Jason Vieaux peke yake. Sita vinavyofuata ni kazi iliyoipa albamu jina, na inapigwa na kundi la wapiga gitaa wanne la Los Angeles Guitar Quartet. Cha 11 ndicho ambacho Metheny anakaa mbele na kukipiga mwenyewe, tena muziki wenyewe ni wa mtu mwingine, Für Alina ya mtunzi wa Estonia, Arvo Pärt. Mpiga gitaa aliyejijengea jina kwa kubuni papo hapo jukwaani amekaa mezani, akaandika nota, kisha akawakabidhi mabingwa wa gitaa la klasiki waipige kazi yake.

Mwongozo huu ni wa msikilizaji anayependa jazi, au dansi, au muziki wowote wa gitaa, ambaye hajapata kukaa na muziki wa klasiki wa zama hizi na angependa kuingia kupitia mlango huu. Albamu hii humfungukia yule anayefuatilia namna sauti zilivyogawanywa kati ya nyuzi, vidole na magitaa, na humchosha haraka yule anayekaa akimngoja mpigaji ajitokeze mbele na kuanza kupiga solo. Karibu kila ninachoshauri hapa chini kinatokana na tofauti hiyo.

Maandalizi ni machache. Tumia hedifoni za aina yoyote iliyo nzuri kiasi, kwa sababu spika ya simu hufuta sauti za chini na kuyachanganya magitaa manne yakawa rundo moja. Katika programu unayosikilizia, zima uchanganyaji wa nyimbo, zima kile kipengele kinachounganisha mwisho wa wimbo mmoja na mwanzo wa mwingine, na zima usawazishaji wa sauti ikiwa programu inakuruhusu, maana kupanda na kushuka kwa sauti katika muziki huu ni sehemu ya utunzi. Pandisha sauti hadi usikie vidole vikigusa nyuzi, kisha usiiguse tena mpaka kazi iishe.

Anza na kazi ya mwaka 1987

Kabla ya kuigusa albamu yenyewe, tenga dakika 15 kwa ajili ya Electric Counterpoint. Mmarekani Steve Reich aliitunga mwaka 1987 kwa ajili ya Metheny, ikapigwa kwa mara ya kwanza mwaka huohuo katika Brooklyn Academy of Music jijini New York, na rekodi yake ikatolewa na kampuni ya Nonesuch mwaka 1989 pamoja na Different Trains ya mtunzi huyohuyo. Mpigaji hurekodi kwanza magitaa 10 na magitaa mawili ya besi, halafu hupiga gitaa la 11 mbele ya watu, juu ya rekodi yake mwenyewe. Naiweka mwanzo kwa sababu hapa utamsikia mpiga jazi uliyemzoea akiwa amefungwa na nota za mtu mwingine kuanzia mwanzo hadi mwisho, na masikio yako yatapata nafasi ya kuzoea hali hiyo kabla hajaondoka kabisa mbele ya kipaza sauti.

Sehemu ya kwanza, yenye urefu wa karibu dakika 7, inaanza na nota zinazorudiwarudiwa kwa kasi huku sauti ikivimba na kunywea. Wimbo bado haujaingia; mtunzi anakuonyesha tu rangi za sauti atakazotumia. Baada ya hapo gitaa moja linaingiza wimbo mfupi, jingine linaudaka wimbo uleule likiwa limechelewa kidogo, jingine tena linafuata, mpaka sauti nane zinakuwa zinakimbizana kwa wimbo mmoja. Utaratibu huo wanamuziki huuita kanoni. Usijaribu kuzihesabu sauti zote nane. Ukiacha sikio litulie, utaanza kusikia vijiwimbo ambavyo hakuna gitaa hata moja linalovipiga kwa ukamilifu, kwa kuwa vinazaliwa pale nota ya gitaa moja inapoangukia katikati ya nota za mengine. Mpigaji wa mbele huokota vijiwimbo hivyo na kuvipiga waziwazi, ili nawe usikie kilichokuwa kimefichika.

Chanzo cha wimbo huo wa kwanza kiko Afrika, na ni vyema msikilizaji wetu alijue hilo. Reich mwenyewe ameeleza kuwa aliutoa katika muziki wa pembe wa Afrika ya Kati alioufahamu kupitia kwa mtafiti Simha Arom, ambaye alirekodi na kuandika nota za muziki wa Jamhuri ya Afrika ya Kati kwa miaka mingi. Katika makundi ya pembe ya Wabanda-Linda aliyoyachunguza Arom, kila pembe hutoa nota moja tu, na wimbo mzima hutokea pale kila mpigaji anapoitia nota yake mahali pake. Msomaji wa Uganda anayeijua amadinda, ile marimba kubwa ya Buganda, hatahitaji maelezo marefu, kwa maana pale nako wapigaji wawili hupachika nota zao kila mmoja katikati ya nota za mwenzake, na wa tatu akaokota wimbo unaojitokeza na kuupiga kwenye vibao viwili vya juu kabisa. Sikio lililolelewa na muziki wa namna hiyo halina ugeni wowote katika Electric Counterpoint, hata kama mwenye sikio hajawahi kuingia katika ukumbi wa muziki wa klasiki.

Sehemu ya pili inapunguza mwendo ukawa nusu, inabadilisha ufunguo, yaani nota ya msingi ambayo muziki unaizunguka, na kujenga kanoni mpya ya sauti tisa kwa muda unaozidi kidogo dakika 3. Isikilize tu. Sehemu ya tatu, ya takriban dakika 4 na nusu, ndiyo inayostahili kurudiwa. Mwendo wa mwanzo unarudi, magitaa manne yanajenga wimbo mpya, kisha besi mbili zinaingia ghafla. Kuanzia hapo zingatia besi tu, usizingatie kitu kingine. Mzunguko wa muziki una mapigo madogo 12, ambayo unaweza kuyagawa makundi matatu ya mapigo manne au makundi manne ya mapigo matatu, na nota za juu zinakubali migawanyo yote miwili bila kubadilika. Besi ndizo zinazoamua. Piga mguu sakafuni kufuata besi na utagundua kwamba mguu wako unalazimika kubadilisha hatua ilhali magitaa ya juu yanaendelea vilevile. Kadiri mwisho unavyokaribia, mabadiliko hayo yanakuja kwa haraka zaidi, pamoja na ufunguo unaorukaruka kati ya sehemu mbili, mpaka besi zinafifia na kila kitu kinatulia upande mmoja.

Kwa anayepiga ala, kuna jaribio litakalomfundisha zaidi ya maelezo yangu. Tafuta programu yoyote ya simu inayorekodi na kurudia kipande kifupi cha sauti. Tunga wimbo wa nota sita au saba ndani ya mapigo 12 ya haraka, ukiacha mapigo mengine yakiwa kimya, kisha urekodi ujirudie. Sasa upige wimbo uleule juu ya rekodi ukianza mapigo matatu baadaye. Rekodi tena. Piga kwa mara ya tatu ukianza mapigo matano baadaye. Utasikia nyimbo ambazo hukuzitunga, na mapigo uliyoyaacha kimya ndiyo yaliyozipa nafasi ya kuzaliwa. Wimbo wa kwanza ukiujaza nota katika mapigo yote 12, hakuna kitakachojitokeza. Ukishalifanya jambo hili kwa mikono yako, rudi kwenye Electric Counterpoint na uisikilize upya. Ukipenda, linganisha rekodi ya Metheny na ile ya Jonny Greenwood, mpiga gitaa wa bendi ya Radiohead, iliyotoka mwaka 2014 kwenye albamu ya Radio Rewrite. Nota ni zilezile, lakini uzito wa vidole, namna nota inavyokatwa na sauti ya gitaa lenyewe vinatofautiana, na kwa kulinganisha utaona ni kiasi gani cha uhuru ambacho mpigaji bado anacho ndani ya muziki ulioandikwa wote.

Jason Vieaux na sauti ya nailoni

Sasa fungua albamu yenyewe. Four Paths of Light ina sehemu nne, zote kwa gitaa moja la klasiki, na hapa mzoefu wa jazi anahitaji kwanza kuizoea ala. Gitaa hili lina nyuzi sita. Tatu nyembamba ni za nailoni tupu, na tatu nene zina kiini cha nyuzinyuzi laini kilichozungushiwa waya mwembamba wa chuma. Metheny katika jazi huchapa nyuzi kwa kipande kidogo cha plastiki anachokishika kati ya vidole. Mpigaji wa klasiki hutumia kucha na nyama ya ncha za vidole vya mkono wa kulia, vidole vinne kila kimoja na kazi yake, na ndiyo maana wapigaji hawa huzitunza kucha za mkono huo kwa uangalifu mkubwa, wakizisugua kwa karatasi laini ya msasa hadi zisiwe na hata chembe ya ukwaru. Kucha ikiharibika, sauti imeharibika.

Mkwaruzo mfupi utakaousikia hapa na pale si kasoro ya rekodi. Ni kidole cha mkono wa kushoto kikihama juu ya uzi uliozungushiwa waya. Jifunze kuufuatilia, kwa maana unakuambia kwamba mkono umepanda au umeshuka kwenye shingo ya gitaa, na mara nyingi msemo mpya wa muziki unaanzia hapohapo. Fuatilia pia mahali mkono wa kulia unapopigia. Ukisogea karibu na pale nyuzi zinapofungwa, sauti inakuwa kavu na yenye makali. Ukirudi juu ya tundu, inalainika na kunenepa. Mtunzi anayeandikia gitaa moja hana tarumbeta wala fidla za kubadilishia rangi, kwa hiyo mabadiliko hayo madogo ya mahali pa kupigia ndiyo rangi alizonazo.

Kosa linalowapata wasikilizaji wa jazi hapa ni kungoja. Katika jazi tumezoea wimbo upigwe mara moja, halafu kila mpigaji abuni juu ya mzunguko wa sauti za wimbo huo, halafu wimbo urudi na watu wapige makofi. Four Paths of Light haijengwi hivyo; muziki unasonga mbele, na kinachofanana na solo ni mstari ulioandikwa nota kwa nota. Badala ya kuufuata mstari wa juu peke yake, sikiliza dole gumba la mkono wa kulia, ambalo ndilo hupiga nota za chini. Katika usikilizaji wa mara ya pili, chagua sehemu moja kati ya nne, na kwa urefu wake wote usizingatie chochote isipokuwa nota za chini. Utatambua pale dole gumba linaposhikilia nota moja huku vidole vingine vikihangaika juu, na pale linapokatiza na kuchukua wimbo lenyewe. Mara ya tatu, rudisha sikio juu. Baada ya hapo utakuwa unasikia watu wawili au watatu wakizungumza ndani ya gitaa moja, na hapo ndipo ugumu wa kazi aliyopewa Vieaux unapoeleweka, kwa sababu mazungumzo yote hayo yanabebwa na vidole vinne vya mkono wa kushoto.

Uteuzi wa Vieaux haukuwa wa kubahatisha. Mwaka 1992, akiwa na umri wa miaka 19, alishinda shindano la kimataifa la Guitar Foundation of America. Mwaka 2005 alitoa Images of Metheny, albamu nzima ya nyimbo za Metheny zilizopangwa upya kwa gitaa la klasiki. Na mwaka 2015 alipata tuzo ya Grammy kwa albamu yake ya Play. Yaani mtunzi alimwandikia mtu ambaye tayari alikuwa ameishi ndani ya nyimbo zake kwa miaka mingi. Naamini jambo hilo linasikika: vishazi virefu vya Metheny, vile vinavyoendelea kupanda hata pale unapodhani vimefika mwisho, Vieaux havikati mapema wala havikimbizi.

Magitaa manne, na kazi inayozunguka

Road to the Sun ina sehemu sita na inachukua karibu nusu saa. Kwangu huu ndio moyo wa albamu, na ndio unaostahili sehemu kubwa ya muda wako. Wapigaji ni William Kanengiser, Scott Tennant, Matthew Greif na John Dearman. Kundi lao lilianzishwa mwaka 1980 katika Chuo Kikuu cha Southern California na lilishinda Grammy mwaka 2005. Dearman anajulikana kwa kupiga gitaa lenye nyuzi saba, linaloshuka chini zaidi ya gitaa la kawaida, na kundi hulitegemea gitaa hilo linapohitaji sakafu ya sauti.

Msikilizaji aliyekua na muziki wa dansi ana faida hapa, ila faida yenyewe inahitaji kurekebishwa kidogo. Ukiisikiliza Morogoro Jazz wakati wa Mbaraka Mwinshehe, unajua bila kuambiwa kwamba gitaa la solo lina kazi yake, la rithimu lina yake, na la besi lina yake, na kazi hizo hazibadilishani wimbo unapoendelea. Sikio limejifunza kuyatenganisha magitaa kwa kazi zake. Katika Road to the Sun magitaa yote ni ya nailoni, sauti zake zinakaribiana sana, na kazi zinazunguka: aliyekuwa anabeba wimbo anaweza kugeuka akawa rithimu katikati ya sentensi, na wimbo ukachukuliwa na mwenzake bila mshono kuonekana. Ukiendelea kumtafuta mpiga solo utampoteza kila baada ya muda mfupi, nawe utadhani muziki hauna mwelekeo.

Njia iliyo rahisi ya kuyatenganisha ni kutumia mahali. Rekodi za kundi kama hili huwapanga wapigaji kutoka kushoto hadi kulia, kwa hiyo sikiliza sehemu ya kwanza mara moja kwa masikio yote mawili, kisha irudie ukiwa umevaa hedifoni ya kushoto peke yake, kisha ya kulia peke yake. Kila upande utatilia mkazo magitaa tofauti, na vitu ulivyodhani vinapigwa na mtu mmoja vitaanza kugawanyika. Unapovirudisha vyote viwili masikioni, chagua gitaa moja na uliandame hadi mwisho wa sehemu, hata pale linapopiga nota mbili tatu za pembeni ambazo hazionekani kuwa na maana. Ni katika nota hizo za pembeni ambapo utunzi hujionyesha, kwa sababu mara nyingi mpigaji mwingine amezihitaji ili wimbo wake usimame.

Kuna nyakati ambapo nyuzi zote zinachapwa kwa pamoja, kwa nguvu na kwa mwendo wa kukimbia. Msikilizaji wa muda mrefu wa Metheny atazitambua papo hapo, kwa kuwa uchapaji huo wa nyuzi zote umekuwa alama yake tangu miaka ya 1970 na 1980. Hizi ndizo sehemu rahisi kupenda, nami sioni ubaya wa kuzipenda. Nashauri tu uzichukue kama alama za njiani. Kila unapofika kwenye mojawapo, jiulize ni nini kilichokuwa kikiendelea dakika moja kabla yake: sauti zilikuwa zinaongezeka moja baada ya nyingine, au zilikuwa zimepungua hadi kubaki gitaa moja? Je, nota za chini zilikuwa zimetulia au zilikuwa zimeanza kutembea? Mtunzi aliyeanzia kwenye bendi anajua namna ya kupandisha ukumbi, na katika kazi hii anapandisha kwa karatasi na kalamu. Kuona jinsi anavyofika hapo kunaongeza utamu wa mahali penyewe.

Usisikilize sehemu mojamoja kwa siku tofauti mpaka uwe umeisikia kazi nzima walau mara moja bila kukatiza. Majukwaa ya muziki huikata kazi hii vipande sita na kuviorodhesha kana kwamba ni nyimbo sita, na yakiachwa yenyewe yatakuchezea sehemu ya nne katikati ya muziki wa kulalia. Hilo linaiumiza kazi. Tafuta nusu saa. Weka karatasi na kalamu kando, na kila unaposikia kitu unachohisi umekwisha kukisikia mapema, andika dakika na sekunde. Baadaye rudi ukalinganishe. Huna haja ya kujua kusoma nota ili kufanya hivyo, na karatasi hiyo, ikishajaa, itakuwa ramani ya kazi hii iliyochorwa na sikio lako mwenyewe.

Für Alina kwa nyuzi 42

Wengi watashawishika kuanza na kipande cha 11 kwa sababu ndicho anachokipiga Metheny, na kwa sababu ni chepesi kukipokea. Ningesihi kiachwe mwisho, mahali Metheny alipokiweka.

Arvo Pärt aliitunga Für Alina mwaka 1976 kwa ajili ya piano, baada ya miaka ya ukimya ambamo alikuwa akitafuta njia mpya ya kutunga. Nota zake zinaenea kurasa mbili tu. Nota ya chini sana inapigwa mwanzoni na kuachwa ivume. Juu yake zinatembea sauti mbili kwa pamoja: moja inapiga wimbo, nyingine inachagua kutoka katika nota tatu tu, zilezile, kila mara ile inayokaribiana na nota ya wimbo kwa upande wa chini. Misemo inaongezeka urefu kwa nota moja moja, kisha inapungua vivyo hivyo. Mahali pamoja tu sauti ya pili inatoka nje ya nota zake tatu, na hapo Pärt alichora ua kwenye karatasi. Hakuna kipimo cha mwendo. Mpigaji anaambiwa awe mtulivu na asikilize ndani ya nafsi yake.

Metheny ameipeleka kazi hii kwenye Pikasso, gitaa lenye shingo nne, matundu mawili na nyuzi 42, alilotengenezewa na fundi Linda Manzer wa Kanada mwaka 1984. Lina uzito wa kilo 6.7, na ni gitaa lilelile linalosikika katika Into the Dream kwenye albamu yake ya mwaka 1997, Imaginary Day. Nyuzi zake nyingine zimekaa kama za kinubi, huwezi kuzibana kwa kidole cha kushoto. Unazipiga na kuziacha. Tabia hiyo inaifaa Für Alina kuliko gitaa la kawaida, kwa sababu kwenye piano kipande hiki hupigwa kanyagio likiwa limeshikiliwa ili nyuzi zote ziendelee kuvuma, na kwenye Pikasso nyuzi ambazo hazikuguswa nazo huitikia zile zilizoguswa.

Kwa hiyo usisikilize nota, sikiliza mikia yake. Kila nota inapopigwa, ifuate mpaka imalizike, hata kama nyingine imekwisha kuingia. Tambua pale nota mbili za jirani zinapogongana na kutetema, na pale zinapotulia. Kisha tafuta lile ua: mahali ambapo sauti ya chini inatoa nota usiyoitarajia. Pengine hutalipata mara ya kwanza, na si jambo la kulazimisha. Ukitaka kipimo cha kulinganishia, kuna albamu ya Pärt iitwayo Alina, iliyotolewa na kampuni ya ECM mwaka 1999, ambamo mpiga piano Alexander Malter anaipiga Für Alina mara mbili, kila mara kwa karibu dakika 11, akizirefusha zile kurasa mbili kwa ridhaa ya mtunzi. Mpiga jazi anayekichukua kipande hiki haingii basi katika nyumba isiyoruhusu mtu kuwaza mwenyewe.

Baada ya albamu

Ukishakaa na vipande vyote 11 kwa juma moja au mawili, tafuta One Quiet Night, albamu ya Metheny ya mwaka 2003 ambayo anapiga peke yake kwa gitaa la baritoni, lenye sauti ya chini kuliko gitaa la kawaida, nalo likiwa la kutengenezwa na Linda Manzer. Sehemu kubwa yake ilirekodiwa nyumbani kwake kwa usiku mmoja wa Novemba 2001. Isikilize kwa utaratibu uleule wa dole gumba uliotumia kwa Vieaux. Baada ya hapo chukua Images of Metheny ya Vieaux na uiweke kati ya albamu hizo mbili: kwanza One Quiet Night, halafu Images of Metheny, halafu Four Paths of Light, zote katika jioni moja kama muda unaruhusu. Katika ya kwanza Metheny anapiga mwenyewe. Katika ya pili Vieaux anaubeba muziki ambao haukutungiwa gitaa lake. Katika ya tatu anapiga muziki ulioandikwa kwa ajili ya gitaa hilohilo la klasiki. Sikiliza hasa nota za chini zinavyobadilika kutoka albamu moja hadi nyingine, na umalize kwa sehemu ya kwanza ya Four Paths of Light, ukiirudia tangu mwanzo endapo jioni bado ipo.